UZI MAALUMU: Biolojia ya afya ya kimataifa chuo kikuu – masomo, maabara na kazi zake

Kidokezo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Maswali kuhusu shahada hii yametawanyika kwenye nyuzi nyingi, na mengi hujibiwa kwa "ina soko" au "haina soko" kisha basi. Tuyaweke hapa sehemu moja. Wa maabara, wa data na wa uwandani karibuni mkosoe na kuongezea.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: jina la shahada hii halimwajiri mtu. Mwajiri anatafuta ufundi mmoja unaoumudu bila kushikwa mkono, kisha anafurahi akikuta unaelewa na mambo yanayouzunguka. Mhitimu anayeweza kusoma slaidi ya malaria kwa uhakika, au kusafisha data ya watu 20,000, au kusimamia zoezi la ridhaa uwandani, ana pa kuanzia. Aliyegusa kila kitu mara moja moja anatoka na cheti kizuri na wasifu mwepesi.

Mpangilio wa programu nyingi unafanana. Mwaka wa kwanza ni kemia, biolojia ya seli na hisabati. Wa pili ni jenetiki, biokemia na mikrobiolojia. Kuanzia wa tatu ndipo jina la shahada linaanza kuonekana: kinga ya mwili, vimelea, virusi, epidemiolojia (jinsi magonjwa yanavyoenea kwa watu), takwimu za afya, maadili ya utafiti, na kozi moja au mbili za sayansi ya jamii. Hizo za mwisho wanafunzi wa sayansi huzichukulia kama za kujazia alama, na inaniuma. Mwaka 2003 baadhi ya majimbo ya kaskazini mwa Nigeria yalisimamisha chanjo ya polio kwa uvumi kwamba inawafanya watoto wa kike wagumba. Virusi vilivyotokea huko vikarudi katika nchi ambazo zilikuwa zimeshavimaliza. Chanjo yenyewe haikuwa na kasoro, na hakuna kipimo cha maabara ambacho kingelitatua tatizo lile.

Somo linaloangusha wengi ni takwimu, na sababu ni kwamba watu wanakariri fomula. Chukueni mfano huu na muufanye kwa kalamu. Kipimo kinakamata wagonjwa 95 kati ya 100, na kinawaachia huru watu wasio na ugonjwa 95 kati ya 100. Kwenye karatasi kinapendeza. Kipeleke kwa watu 10,000 ambako mwenye ugonjwa ni 1 kati ya 100. Wagonjwa ni 100, kitakamata 95. Wasio wagonjwa ni 9,900, na asilimia 5 yao, yaani 495, wataambiwa wanaumwa. Jumla ya majibu chanya ni 590, ya kweli ni 95 tu: kama asilimia 16. Sasa kipeleke kipimo kilekile mahali ambako wagonjwa ni 30 kati ya 100. Majibu chanya ya kweli yanakuwa 2,850 na ya uongo 350, yaani asilimia 89 ni kweli. Kipimo hakijabadilika hata chembe. Kilichobadilika ni watu waliopimwa. Ukilishika hili mwaka wa pili, nusu ya epidemiolojia ya mwaka wa tatu itakuwa nyepesi.

BafaSafi

Asante kwa kufungua uzi, mkuu. Nachukua upande wa maabara, nikianza na vitu ambavyo msimamizi hukuangalia wiki ya kwanza kabla hajakuamini na sampuli.

Cha kwanza ni pipeti. Chagua pipeti ambayo ujazo unaoutaka uko katikati au juu ya uwezo wake. Kuvuta mikrolita 2 kwa pipeti ya 2 hadi 20 ni kutafuta tofauti kati ya mirija. Jipime kwa mizani: mikrolita 100 za maji safi kwenye joto la kawaida la chumba zina uzito unaokaribia gramu 0.1. Rudia mara kumi. Uzito ukipandashuka, mkono wako ndio tatizo. Ukikaa palepale lakini pembeni ya 0.1, pipeti inahitaji kusahihishwa.

Cha pili ni daftari la maabara. Tarehe, namba ya toleo la kila kitendanishi, nani aliandaa bafa, mashine gani ilitumika. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa, weka sahihi na tarehe. Usifute wala kuchana ukurasa. Wanafunzi wanaona hili kama urasimu, mpaka siku matokeo yabadilike ghafla na ijulikane kwamba ni toleo jipya la kimeng'enya.

Sasa PCR, yaani njia ya kuzalisha nakala nyingi za kipande cha DNA, kwa kuwa ndiyo kila mtu anaiandika kwenye wasifu. Mchanganyiko wa mikrolita 25 unaofahamika ni huu: mchanganyiko-mama (kimeng'enya na viungo vyake) wenye nguvu mara mbili 12.5, praima, yaani vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia, ya mbele 1 na ya nyuma 1 (zote za mikromola 10), maji 8.5, na DNA 2. Una sampuli 20 na vidhibiti 2 (mrija wa maji tupu, na kidhibiti chanya chenye DNA inayojulikana), jumla 22. Andaa wa 24, kwa kuwa kimiminika hubaki kwenye ncha za pipeti: 300 za mchanganyiko-mama, 24 za kila praima, 204 za maji. Gawa 23 kila mrija, DNA iingie mwisho. Mtu anayeandaa wa 22 kamili humaliza kabla ya mrija wa mwisho, halafu anaukamua ule wa mwisho, na matokeo yake hayafai.

Kusoma makosa ya PCR ndiko kunakotofautisha fundi na mfuata maelekezo:

Mrija wa maji tupu ukitoa mstari kwenye jeli, una uchafuzi. Tupa maji na praima ulizokwisha kufungua, safisha meza kwa dawa ya klorini, tumia ncha zenye kichujio, na usirudi kwenye chumba cha kuandalia ukitoka chumba cha jeli siku hiyohiyo. Mwendo ni wa upande mmoja, kutoka pasafi kwenda penye DNA iliyozalishwa.

Kidhibiti chanya kikikataa, usizilaumu sampuli. Ni kitendanishi, joto la mashine, au kuna kitu umesahau kuweka.

Kidhibiti chanya kikikubali na sampuli zikakataa, fikiria vizuizi. Hemu ya damu huzuia kimeng'enya, na heparini pia. Ndiyo maana damu ya PCR huchukuliwa kwenye mrija wa EDTA, wenye kifuniko cha zambarau, badala ya ule wa kijani wa heparini. Punguza DNA mara kumi kwa maji, urudie. Mara nyingi mstari hujitokeza, maana umekipunguza kizuizi pamoja na DNA na DNA iliyobaki bado inatosha.

Zuhura_M2

Shikamooni wakubwa. Niko mwaka wa pili. Naomba kuuliza mambo mawili. Moja, kusoma slaidi za malaria bado kuna maana wakati kuna vipimo vya haraka na PCR? Mbili, nikilazimika kuchagua kati ya maabara na data, nichague kipi?

BafaSafi

Marahaba Zuhura. La pili nawaachia wengine, la kwanza ni langu.

Slaidi ina maana sana. Vipimo vya haraka vingi vya malaria hutafuta protini iitwayo HRP2. Protini hiyo hubaki kwenye damu hata wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa hiyo kipimo kinasema "ndiyo" kwa mtu asiye na vimelea hai. Upande wa pili, kuna vimelea vya Plasmodium falciparum vilivyopoteza jeni ya protini hiyo. Taarifa za kwanza zilitoka Peru mwaka 2010, na baadaye vikaonekana sehemu nyingine, zikiwemo nchi za Pembe ya Afrika. Vimelea hivyo huweza kukwepa kipimo. Tena kipimo cha haraka hakikwambii vimelea ni vingapi, na kwenye majaribio ya dawa idadi ndiyo kila kitu.

Jinsi ya kuifanya: kwenye slaidi moja weka tone nene na utando mwembamba. Acha vikauke hewani. Utando mwembamba unagandishwa kwa methanoli, tone nene haligandishwi. Hapa ndipo wengi huharibu: wanachovya slaidi nzima, au methanoli inatambaa hadi kwenye tone nene, chembe nyekundu zinaganda, hazipasuki, na huoni kitu. Rangi ya Giemsa: asilimia 10 kwa takriban dakika 10 ukiwa na haraka, au asilimia 3 kwa dakika 45 hadi 60 ukiwa na slaidi nyingi na unataka rangi tulivu zaidi. Maji ya kuchanganyia yawe na pH 7.2. pH ikiteleza, rangi zinabadilika na madoadoa ya utambuzi hayaonekani. Chuja rangi kabla ya kutumia. Mabonge ya rangi yamewadanganya wanafunzi wengi wakidhani wameona vimelea.

Kusoma: lenzi ya mafuta, ukuzaji mara 1,000. Usitangaze hasi kabla ya kupitia maeneo 100 ya tone nene. Kuhesabu: hesabu vimelea sambamba na chembe nyeupe. Ukifika chembe nyeupe 200 na una vimelea 100 au zaidi, simama. Chini ya hapo endelea hadi chembe nyeupe 500. Kisha gawanya vimelea kwa chembe nyeupe ulizohesabu, zidisha kwa 8,000. Vimelea 150 kwa chembe nyeupe 200 ni 6,000 kwa mikrolita. Hiyo 8,000 ni makadirio ya kawaida. Ukiwa na hesabu halisi ya chembe nyeupe za mgonjwa, tumia hiyo.

SafuNaMistari

Swali la pili la Zuhura. Jibu langu: chagua kimoja kiwe cha kina, kingine kiwe cha kutosha kuzungumza na wenzako. Mtu wa data asiyejua kwamba mrija wa heparini huzuia PCR atachambua "matokeo hasi" 300 kwa uaminifu kabisa, na yote yatakuwa takataka. Kwa hiyo usiikimbie maabara hata ukichagua kompyuta.

Kama unaelekea kwenye data, jifunze lugha ya programu, R au Python, moja tu kwanza. R imezoeleka zaidi kwenye epidemiolojia na ni bure. Usimalize kozi sita za mtandaoni. Fanya mradi mmoja kamili mpaka mwisho. Data zipo: takwimu za WHO ziko wazi, mfuatano wa jeni uko kwenye hifadhi ya mtandaoni ya GenBank, na tafiti za kaya za DHS (za afya na idadi ya watu) zimekuwa zikitolewa bure ukijisajili na kueleza unataka kuzifanyia nini.

Mradi uwe na folda nne: data ghafi ambayo haiguswi kabisa, programu ulizoandika, data iliyosafishwa, na michoro. Uwe na faili moja la maelezo ambalo mgeni akilisoma anaweza kurudia kazi yako yote kuanzia mwanzo. Mwajiri akifungua mradi wa namna hiyo anajua mengi kukuhusu kuliko alama zako.

Mitego ninayotaka muijue mapema:

Umri wa 99 au 999 mara nyingi ni alama ya "haijulikani". Usipoiondoa, wastani wa umri unapaa na hakuna atakayekuonya.

Namba za utambulisho zinazoanza na sifuri. Ukifungua faili kwenye Excel, 00417 inakuwa 417, na kuunganisha majedwali mawili kunagoma au, vibaya zaidi, kunaunganisha watu tofauti.

Tarehe. 03/04 ni Aprili au Machi? Andikeni mwaka-mwezi-siku tangu kwenye fomu. Excel imesumbua hata majina ya jeni: SEPT2 na MARCH1 zilikuwa zinageuzwa tarehe, mpaka kamati ya majina ya jeni za binadamu ikazibadilisha rasmi, na mwongozo wake ukatoka 2020. Sasa ni SEPTIN2 na MARCHF1.

Uzito wa sampuli, yaani namba inayoonyesha kila mhojiwa anawakilisha watu kwa kiasi gani. Kwenye data za DHS safu ya uzito lazima igawanywe kwa 1,000,000 kabla ya kutumika, na ukiiacha kabisa, makadirio yako ya nchi nzima si ya nchi nzima.

Ukubwa wa faili. Uingereza mwaka 2020 karibu wagonjwa 16,000 wa korona walichelewa kuingia kwenye takwimu kwa sababu muundo wa zamani wa Excel hauwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Kila mmoja wao alikuwa na watu aliokutana nao ambao walipaswa kutafutwa siku ileile.

Mbung'o

Naomba niwe mkali kidogo kwenye jambo ambalo matangazo ya vyuo huliruka: leseni.

Shahada ya biolojia ya afya ya kimataifa siyo shahada ya sayansi ya maabara za tiba. Katika nchi nyingi, kutoa majibu ya mgonjwa hospitalini ni kazi inayosimamiwa na baraza la taaluma, na baraza husajili wahitimu wa programu lilizozitambua tu. Mtu anaweza kuwa bingwa wa PCR na bado asiruhusiwe kusaini jibu la mgonjwa. Kabla ya kujiunga, au leo kama umeshajiunga, uliza baraza lenyewe, usiulize dawati la udahili: je, programu hii inatambuliwa? Kama haitambuliwi, kuna kozi ya daraja ya kuifikia leseni, na ni ya muda gani? Aliyesoma nje ya nchi atahitaji mtihani gani? Pata majibu kwa maandishi.

Bila leseni bado milango ni mingi: maabara za utafiti, udhibiti wa ubora kwenye viwanda vya chanjo na dawa, majaribio ya kitabibu, ufuatiliaji wa magonjwa, wadudu waenezao magonjwa, data, uchambuzi wa jenomu. Lakini ukijua mwaka wa kwanza, unapanga. Ukijua siku ya mahafali, umechelewa.

Upande wangu wa wadudu una uhaba wa watu, na wanafunzi hawaufikirii. Angalieni kipimo cha usugu wa mbu kwa viuatilifu kwa utaratibu wa mirija ya WHO. Unachukua mbu jike 20 hadi 25 kwa kila mrija, wa siku 3 hadi 5, ambao hawajanyonya damu. Wanakaa saa 1 kwenye karatasi yenye kiuatilifu, kisha wanahamishiwa mrija safi wenye pamba ya maji ya sukari, na vifo vinahesabiwa baada ya saa 24. Vifo vya asilimia 98 au zaidi: bado wanakufa vizuri. Kati ya 90 na 97: usugu unashukiwa, rudia. Chini ya 90: usugu umethibitika. Vifo kwenye mirija ya udhibiti (isiyo na kiuatilifu) vikizidi asilimia 20, tupa jaribio lote.

Panaposumbua ni joto na unyevu. Chumba kiwe nyuzi 27 hivi na unyevu karibu asilimia 75 au zaidi. Chumba kikavu huua mbu kwa ukavu na wewe unaandika kiuatilifu kinafanya kazi. Na mbu wenyewe: ukichukua mabuu kutoka dimbwi moja, unaweza kuwa unapima ndugu wa tumbo moja. Kusanya kutoka madimbwi mengi.

Kidokezo

Mbung'o, hilo la leseni nalikubali neno kwa neno. Nitaliweka juu ya uzi.

Niongezee majaribio ya kitabibu, kwa kuwa huko wahitimu wa programu hii huingia kwa wingi. Cheti cha kwanza cha kuwa nacho ni cha mwenendo bora wa majaribio, GCP. Hupatikana mtandaoni, mara nyingi bure, kwa muda mfupi. Nafasi za kuanzia ni msaidizi wa utafiti, mwingiza data au mratibu msaidizi. Kazi halisi ya kila siku: kuhakikisha kila namba kwenye mfumo ina karatasi ya chanzo inayoithibitisha, fomu ya ridhaa ni ya toleo lililoidhinishwa, na friji ya dawa haijatoka kwenye nyuzi 2 hadi 8 hata usiku. Si kazi ya kupendeza machoni, ila mtu makini hupanda haraka kutoka hapo kwenda ukaguzi wa vituo au usimamizi wa data.

Ufuatiliaji wa magonjwa una njia yake: mafunzo ya epidemiolojia ya uwandani, FETP, yenye ngazi tatu. Ya mstari wa mbele ni miezi 3 hivi, ya kati miezi 9 hivi, na ya juu miaka 2, na muda mwingi ni kazini. Nchi nyingi huchukua watu walio tayari kwenye wizara au halmashauri, kwa hiyo mhitimu mpya hutangulia kutafuta ajira ya ngazi ya chini huko.

Zuhura_M2

Nashukuru sana. Mradi wa mwaka wa mwisho nataka kutumia damu za wanafunzi wenzangu kuangalia upungufu wa damu. Kuna ubaya?

Mbung'o

Dada Zuhura, wazo linawezekana ila hesabu muda kwanza. Binadamu wakihusika, unahitaji kibali cha kamati ya maadili kabla ya kuchukua tone la kwanza, na kibali hakirudi nyuma kuhalalisha sampuli ulizokwisha kuchukua. Kamati hukutana kwa ratiba yake, hurudisha maandiko kwa masahihisho, na miezi mitatu hupita bila kugundua. Mradi ukianza mwezi wa kwanza wa muhula, andiko liwe limewasilishwa muhula uliotangulia. Ukishirikiana na chuo cha nchi nyingine, tegemea kamati mbili.

Yanayorudisha maandiko mengi: fomu ya ridhaa imeandikwa kwa lugha ya wataalamu, haijasemwa damu ni kiasi gani na itabaki wapi baada ya utafiti, haijulikani mtu akikutwa na tatizo atapelekwa wapi, hesabu ya idadi ya washiriki haina maelezo. Kwako lipo na la tano: wenzako wa darasa. Watajisikia huru kukataa mbele yako? Anayewaomba ridhaa awe mtu mwingine. Kwa wasiosoma, weka nafasi ya dole gumba na shahidi asiye mtu wa timu yako. Watoto, ridhaa ya mzazi na ukubali wa mtoto mwenyewe, vyote viwili.

Muda ukiwa mfupi, tumia data zilizopo zisizo na majina. Tafiti nyingi za DHS zina kiwango cha hemoglobini. Hapo swali lako unalo, na damu huchukui. Uliza tu kama chuo chako kinataka barua ya msamaha wa kibali, maana vingine vinataka hata kwa data hizo.

Na sampuli zikisafiri kwa ndege: za uchunguzi za kawaida huenda kwa alama ya UN3373, vifungashio vitatu. Mrija usiovuja, kifungashio cha pili kisichovuja chenye kitambaa cha kunyonya kinachotosha kimiminika chote, kisha boksi gumu la nje. Barafu kavu ina namba yake, UN1845, na boksi lake haliruhusiwi kuzibwa kabisa. Gesi isipopata pa kutokea boksi linaweza kupasuka. Kabla ya hayo yote kuna mkataba wa kuhamisha sampuli kati ya taasisi mbili. Usiwe mtu wa kutuma sampuli kwanza na kuomba saini baadaye.

SafuNaMistari

Kuhusu kuomba nafasi kwa wahadhiri na taasisi, mistari mitano inatosha: wewe ni nani na mwaka gani; umesoma kazi gani ya maabara yake na swali gani limekuvutia; ufundi gani unao tayari; muda unaoweza kutoa, kwa saa na siku; ombi lako moja. Ambatisha wasifu wa ukurasa mmoja na orodha ya alama. Barua inayoanza "kwa heshima na taadhima naomba nafasi yoyote" na kutumwa kwa wahadhiri thelathini kwa pamoja haijibiwi, na haistahili.

Kwenye wasifu usiandike "PCR, takwimu, uwandani". Andika "kutoa DNA kwenye damu kavu ya karatasi, PCR ya kawaida na ya muda halisi, kutengeneza mstari wa viwango na kuhesabu ufanisi". Anayesoma ataelewa hapohapo. Na usiandike ulichokiona kikifanywa na mwingine. Kwenye usaili watakuuliza mteremko wa mstari wa viwango (mchoro wa sampuli zenye kiasi cha DNA kinachojulikana) unaonyesha nini. Jibu: karibu na -3.32 ni ufanisi wa asilimia 100, yaani DNA inaongezeka maradufu kila mzunguko.

Majina kwenye makala: mkubaliane mapema. Vigezo vya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, ni vinne na vyote vinahitajika: mchango wa maana kwenye wazo, data au uchambuzi; kuandika au kuhakiki kwa kina; kuidhinisha toleo la mwisho; kuwajibika kwa kazi nzima. Kukusanya sampuli peke yake kunaingia kwenye shukrani, lakini mkusanya sampuli ana haki ya kualikwa kuandika ili atimize na vigezo vingine. Dai nafasi hiyo kwa adabu, kwa maandishi, kabla rasimu haijaanza.

Shahada ya uzamili: ukiweza fanya kazi mwaka mmoja au miwili kwanza. MPH (uzamili wa afya ya umma) kwa aliyetoka moja kwa moja darasani humfanya awe na digrii mbili na ufundi wa mtu ambaye hajawahi kufanya kazi. Kama unajua unataka maabara, chukua uzamili wa sayansi wenye utafiti badala ya MPH. Uzamivu wa sayansi bila ufadhili usiufikirie; nafasi nzuri hulipiwa ada na posho.

Zuhura_M2

Samahani, la mwisho. Likizo hii naanza mafunzo kwa vitendo kwenye maabara inayopokea damu. Nijiandae na nini?

BafaSafi

Anza leo na chanjo ya homa ya ini B. Ratiba ya kawaida ni dozi tatu: mwanzo, mwezi 1, mwezi 6. Kwa kuwa likizo haitasubiri miezi sita, mwambie msimamizi uko dozi ya ngapi, akupangie kazi zisizo na sindano wala vioo vyenye ncha. Mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho pima kingamwili. Unatafuta mIU (kipimo cha wingi wa kingamwili) 10 au zaidi kwa mililita.

Viatu vilivyofunika mguu wote, nywele zimefungwa, koti la maabara lisitoke nje ya maabara wala kwenda nalo kantini. Simu usiishike na glavu. Siku ya kwanza, kabla ya kuulizia mashine, uliza vitu vitatu viko wapi: bomba la kuoshea macho, boksi la vyenye ncha kali, na daftari la ajali.

Ukijichoma: osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue jeraha, usimwagie klorini. Ripoti saa hiyohiyo. Dawa za kuzuia VVU huanza haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na hunywewa siku 28. Uliza mapema ni nani mwenye ufunguo wa dawa hizo usiku na mwisho wa wiki, na uiandike namba yake ya simu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako.